Saini Isiyo Yako

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, mgongo umeacha kukusumbua na cherehani haijaanza tena kukata uzi. Mimi ni mzima wa mwili. Hayo mengine utayapima mwenyewe ukifika mwisho. Nimeituma kibandani kwako na si nyumbani, tena kwa makusudi. Isome ukiwa peke yako.

Uliniuliza masomo yanaendaje. Yanaenda, kama gari bovu linavyoteremka mlima. Huu ni mwaka wa tatu nasomea saikolojia, na sijapata kuona watu wasiowajua watu kama hawa wanaofundishwa kuwajua. Kinara wao ni mhadhiri wetu wa ushauri nasaha. Anatufundisha kusikiliza, na sijamwona hata siku moja akimwacha mtu amalize sentensi. Juzi binti mmoja aliinua mkono, mhadhiri akamjibu kabla hajauliza, kisha akamsifu kwa swali zuri.

Wenzangu nao ni mzigo mwingine. Ninayekaa naye, tunamwita Daktari, kila ukurasa anaoufungua lazima amgundulie mtu ugonjwa. Shangazi yake ana ugonjwa, mpishi wa kantini ana ugonjwa, mimi nina miwili. Mzima ni yeye tu, ingawa hawezi kwenda msalani bila kuweka mtu wa kumlindia kiti. Siku za mazoezi tunaketi wawili wawili kwenye viti vya plastiki, mmoja anajifanya ana huzuni, mwingine anaitikia kwa kichwa kama mjusi. Mjusi bora ndiye anayepata alama.

Hata baba mdogo alinipigia kuuliza kama sasa naweza kujua anachowaza. Nikamwambia naam, ndiyo maana huwa simpigii simu. Alicheka sana, maskini, akidhani natania.

Muhula huu tuliagizwa kila mmoja aandike habari za mtu halisi aliyefiwa, bila kumtaja jina, na mtu huyo atie saini fomu ya ridhaa. Wengi waliokota majirani zao wakaandika upuuzi, machozi kila aya. Yangu ilipata alama ya juu kuliko zote. Mhadhiri aliisoma darasani mwanzo hadi mwisho, bila kujikatiza.

Ilikuwa habari ya mwanamke, fundi wa nguo, aliyezika mtoto wa siku tisa. Kwa mwaka mzima, kila Ijumaa, alizifua nguo za yule mtoto, akazianika, akazipiga pasi. Mumewe alipouliza, aliambiwa ni nguo za wateja.

Umeshaelewa, Dada. Tafadhali usiichane, endelea.

Niliandika hata yale uliyoniambia nilipokukuta uani, wakati ule naishi kwenu nikisoma sekondari: "Siku nitakayoacha kuzifua, ndiyo siku atakuwa amekufa." Uliniomba nisimwambie mtu, hasa shemeji. Nikaapa.

Darasani, Daktari aliutaja ugonjwa wako kwa jina lake refu. Mwingine akasema huyo mume lazima ni zuzu, mtu asiyezijua nguo za mwanawe. Wakaangua kicheko. Mhadhiri akaandika ubaoni: kukana ukweli. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mtoto aliitwa nani. Niliwadharau, na huku nacheka nao, wasije wakanishuku.

Ile saini niliitia mimi. Nilikaa maktaba na barua yako ya mwisho, nikaiga herufi zako. Mkia wa herufi ya mwisho ulinishinda mara tatu, mara ya nne ukakaa.

Sasa mhadhiri anataka kuiingiza insha katika kitabu cha kufundishia. Nilimfuata ofisini nikamwambia saini ni ya kughushi. Hakuacha hata kukoroga chai yake. Akasema, "Nusu ya fomu hizo zimesainiwa hivyohivyo. Maandishi mazuri hayatupwi kwa ajili ya saini." Nikaenda kwa mkuu wa idara na kukiri kwa maandishi. Huyo alishtuka, ila akasema neno la mtu aliyeghushi halimtoshi, anataka lako. Ukisema ulikubali, mambo yameisha. Ukisema hukukubali, insha inaondolewa kitabuni, nami natimuliwa chuoni.

Fomu mpya imo humu ndani. Nakujua, mkono wako utakwenda kwenye kukubali ili uniokoe. Usifanye hivyo. Miaka mitatu nimewacheka hawa watu wa ovyo, na kati yao wote ni mimi tu niliyeaminiwa siri nikaipeleka kutafutiwa alama. Weka alama kwenye kukataa, utie saini yako mwenyewe. Habari ya kufukuzwa, Mama nitamweleza mimi.

Msalimie Mama ukizungumza naye. Shemeji nitamsalimia mwenyewe siku nitakayoweza kumtazama usoni. Salamu zake sithubutu kuzipitisha kwako. Kama huna neno la kunijibu, rudisha fomu tu, itanitosha.

Ni mimi,
mdogo wako uliyemlea.