Kinga ya Msumeno

Machi 4

Kaka,

Salamu nyingi kama vumbi la mbao. Mimi mzima, nanenepa, na hapa karakanani kila fundi anajua bingwa wa msumeno wa umeme ni nani. Wewe hujambo? Usinijibu "nimebarikiwa", nitatapika.

Barua yako nilidhani umeiandika umelewa. Kumbe ndiyo umeacha! Dume zima lililotetemesha mtaa, leo limebanana kwenye benchi na akina mama, linafundishwa uanafunzi wa Kristo. Shule ilitushinda sote wawili, sasa umeanza chekechea ya mbinguni. Eti uko huru. Huru gani, unayeomba ruhusa hata ya kukasirika?

Vituko vyako sina shida navyo. Ila hilo la kwenda kumwambia Mzee Randa, fundi wetu wa zamani, ukweli, hapo umevuka mpaka. Ndiyo, kinga ya msumeno, kile kifuniko cha meno yake, niliing'oa mimi, nipasue mbao haraka, nionekane. Vidole vyake viwili vikaenda. Wewe, msimamizi wetu wakati huo, ukamwambia bosi kwamba mzee aliing'oa mwenyewe, akafukuzwa. Ulinifunika kama kaka. Sasa unataka kunifunua kama nani? Miaka mitatu imepita, na vidole si kucha, haviwezi kuota tena.

Ukithubutu, huna mdogo.

Mdogo wako (bado)

Machi 19

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo? Mgongo je? Bado unainua mbao peke yako ili watu wapige makofi?

Umenicheka, nami nimecheka. Kweli benchi ni la akina mama, na wananishinda kujibu maswali. Lakini sikiliza. Miaka mitatu, nikimwona mtu mwenye kovu mkononi, navuka barabara. Hiyo ndiyo minyororo, na niliifunga kwa mdomo wangu mwenyewe. Kristo amenisamehe, siwezi kumfuata huku nimemkalia mzee wa watu shingoni.

Jumamosi nakwenda. Nitakiri uongo wangu tu. Wako ni wako.

Kaka yako

Machi 23

Salamu sina. Afya yangu haikuhusu.

"Wako ni wako"! Mwanasheria wa malaika! Nenda basi, lia, piga magoti, chafua suruali. Mzee atakurukia na randa, nami nitakuja hospitali kucheka.

Sisaini.

Aprili 2

Mdogo wangu,

U mzima? Nauliza ingawa ulikataa salamu.

Nilikwenda. Anaishi chumba kimoja, anachonga miiko kwa mkono. Ubao anaubana kwa goti, maana vidole havishiki. Nilipomaliza kusema aliweka chini mwiko aliokuwa akichonga. Kisha akasema, "Nilikuwa nakuchukia wewe. Leo umenitua mzigo."

Sikukutaja. Lakini mlangoni akaniuliza, "Na yule kijana hajambo? Siku ile, baada ya kukatwa, nilimwona akiifukia kinga kwenye vumbi. Ningemtaja, angefukuzwa, na alikuwa na miaka kumi na sita tu. Mwambie awe anairudisha."

Kaka yako

Juni 11

Kaka,

Shikamoo. Ndiyo, umesoma sawasawa. Usiitie kwenye fremu.

Sikuandika kwa sababu bingwa alikuwa na shughuli. Kila nikitaka kuwasha msumeno, naangalia kinga kwanza, mara mbili, mara tatu. Mafundi wakaanza: "Bingwa kawa bibi!" Nikavumilia hadi Jumatatu ya wiki iliyopita, nikaingia kwa bosi, nikasema yote. Mjinga mimi nilidhani atanisifu. Nilifukuzwa kabla ya chai ya saa nne.

Nikaenda kwa mzee na hotuba kichwani, nzuri kuliko za mchungaji wako. Hakuisubiri. "Umechelewa," akasema. "Shika ubao." Nimeushika tangu hapo. Yeye anachonga, goti lake linapumzika, na kutwa ananitukana kwamba nashika ubao kama nimeshika nyoka.

Usianze kupiga haleluya. Walokole wako bado nawadharau, hasa wale wanaoimba kama bawaba isiyotiwa mafuta. Ila jana mchana nilipita mbele ya karakana, mlango wazi, wote wananikodolea macho. Sikuvuka barabara.

Hilo darasa lenu, aliyeishia la sita wanampokea? Nauliza tu, usivimbe kichwa.

Mdogo wako