Rangi ya Kucha ya Harusi

Hawassa

Dada yangu Tirunesh,

Ndoa ni tamu, jamani! Abenezer wangu hunilisha injera kwa mkono wake mbele ya darasa zima, wenzetu wakipiga vigelegele.

Juzi tulifanya mtihani wa kutengeneza kompyuta. Chuoni kwetu kila mwanafunzi huiharibu mashine ya mwenzake, na wa kwanza kuiwasha yake huajiriwa katika karakana ya chuo. Yangu aliiharibu mume wangu. Nilichomoa kile kibao cha memori, nikakipangusa, nikakirudisha. Wapi, haikuwaka! Darasa likacheka.

"Mke wangu, rudi jikoni," akasema Abenezer. "Sufuria haina waya."

Nami nikacheka, maana akitabasamu nayeyuka. Kazi akapata yeye.

Leo nilipofua koti lake, mfukoni nikakuta ile chupa ya rangi ya kucha isiyoonekana, angavu kama maji, uliyoninunulia harusini. Hapo nikaelewa. Aliipaka kwenye meno ya memori, pale inapogusana na mashine, ili umeme usipite. Nilipomuuliza, akanibusu vidole.

"Si tulisema chako ni changu, mrembo?"

Usimwambie mama, anampenda mno. Ila ukija niletee chupa nyingine. Hii ameimaliza, na anapenda kucha zangu ziking'aa.

Mdogo wako mwenye mume,
Mihret