Wassily, Siku ya Kumi na Mbili

Fekla, niko hospitali Bethel. Mtoto yuko hai. Soma yote kabla hujapiga simu.

Si nilikuambia Wassily anatapika, ukasema ni gesi? Gesi, Fekla! Mwili wake unamwaga chumvi yote kwenye mkojo. Wamemtundikia dripu.

Daktari anasema kuna jeni inayosaidia mwili kutunza chumvi. Pembeni yake ipo nakala yake mbovu, ilishakufa zamani, haifanyi kazi yoyote. Kumbe vizazi vingi nyuma, mbegu za uzazi zilipokuwa zinatengenezwa, hizo mbili zilichanganyana, ile nzima ikanakili kosa la ile mfu. Kosa likabaki kwenye ukoo. Mtoto akilirithi kwa baba na kwa mama, ndiyo haya.

Bibi, niliyekuja naye, akamkazia daktari macho. "Yaani mfu ndiye kamfundisha mzima kukosea?"

"Ndiyo, bibi."

Bibi akasema, "Mwanangu wa kwanza alikuwa hivihivi. Siku ya kumi na tatu akakata roho. Tukasema ni baridi."

Wa kwanza wake! Yule ambaye jina lake tulimpa mwanangu, ili arudi kwetu!

Leo ni siku ya kumi na mbili.

Sasa wewe. Bibi yetu ni mmoja, na waume zetu ni tumbo moja. Mwezi ujao unajifungulia hapa, na umeshasema siku ya tatu unarudi kijijini.

Hurudi. Hurudi mpaka majibu ya damu ya mtoto yatoke.

Na jina, bibi ameshakuchagulia. Alikuwa na wa pili, naye aliondoka hivyohivyo.