Mistari Miwili Niliyomwachia Dokta

Jumamosi, 6 Septemba 2025

Mzee Tahiri, muuza mawese wa sokoni, amefariki mikononi mwangu mchana huu.

Aliletwa hospitalini kwetu saa saba, jasho linamtoka, maneno hayaeleweki. Mapigo mia moja tisini na tano kwa dakika, presha themanini kwa hamsini. Tulifundishwa: moyo ukikimbia hivyo na presha bado nzuri, kuna muda wa dawa. Presha ikianguka na akili ikipotea, ni umeme, mara moja. Mashine ya kushtua moyo ilikuwa tayari. Lakini kwetu muuguzi habonyezi bila neno la daktari, na Dokta Jean Bosco alikuwa harusini Kabezi. Nikapiga simu, nikaweka sauti ya juu, Chanceline mwenzangu wa zamu akaishika, akisikia yote. Nikasoma kila namba.

"Weka amiodaroni mu serumu, polepole. Mashini usiiguse. Niko nakuja."

Nikamwambia dawa ya dripu itachelewa, presha inazidi kushuka. Akasema daktari ni yeye. Nikatii! Dakika kumi na nane nilitii. Kisha moyo ukawa unatetemeka tu, haupigi. Hapo nikabonyeza bila ruhusa ya mtu — mara tatu, huku tukipokezana kukandamiza kifua. Haukurudi.

Kwenye rejista nimeandika yote, nikaacha mistari miwili ya agizo la daktari. Ndiyo desturi yetu, agizo la simu hujazwa na aliyelitoa. Mkubwa haandikiwi.

Jumatatu, 8 Septemba

Amejaza. "Niliagiza ashtuliwe mara moja. Muuguzi alichelewa."

Nimesoma mara tatu. Huyu huyu ambaye msiba wa mama yake nilipika siku tatu, macho yakaniwasha kwa moshi. Shukrani ya punda! Nilimfuata ofisini. Hakuinua macho. Akasema nisilikuze jambo, nitapewa onyo tu, na yeye ana watoto shuleni. Na mimi je, nina mbuzi?

Jumanne, 9 Septemba

Chanceline kamwambia mkurugenzi kwamba alikuwa stoo, hakusikia simu. Chanceline! Simu aliishika yeye, mimi mikono yangu ilikuwa kwenye mshipa wa mzee. Miaka minne tunakula sahani moja.

Nilimkuta anakunja mashuka. Akasema mume wake hana kazi, nimsamehe. Nilishindwa hata kumtukana. Sasa ndiyo matusi yananijia, niko peke yangu jikoni.

Ijumaa, 12 Septemba

Kikao cha kuchunguza kifo cha mzee ni saa nne. Naandika hapa kwenye benchi la nje. Familia ya marehemu imefika kutoka Gatete. Mjane, Mama Batuli, amekuja kukaa kando yangu. Hajasomewa rejista. Amenishukuru kwa jinsi nilivyomfunga mzee kidevu na kumfumba macho. Nimeona aibu mpaka masikio yamepata moto.

Halafu ameniuliza, taratibu:

"Mwanangu, hao wa mule ndani siwaamini. Wewe ulikuwa naye. Wangemupiga ule umeme mapema, angepona?"

Pengine angepona. Naijua presha ile, niliipima mwenyewe. Nikisema ndiyo, baada ya dakika kumi watamsomea kwamba aliyechelewa ni mimi. Nikisema hapana, nina tofauti gani na Chanceline? Nimemwambia nisubiri kidogo, mama, namalizia kuandika. Anasubiri. Mkono wangu wa kushoto ameushika yeye.

Mlango umefunguliwa. Wanaita jina langu, na bado hajaniachia —