Kiti cha Kinyozi Hakikai Bure

12 Juni

Kaka yangu,

Shikamoo. Hujambo huko? Huku tu wazima. Mama anakula vizuri na anagombana na kila mtu, kwa hiyo usiwe na wasiwasi naye. Tangu urudi kazini baada ya mazishi ya Baba, nyumba imepwaya. Namlilia nikifua, namlilia nikipika, nimejizoesha tu.

Sasa la moyoni. Mwenye nyumba anataka kujua kabla mwezi ujao haujaisha: tunaendelea na chumba cha kinyozi cha Baba, au tunamwachia? Wewe ndiwe mkubwa, kauli ni yako. Mimi nakitaka. Nataka kunyoa.

Mdogo wako

20 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba, na Mama mwamkie sana. Mimi mzima, ila mafua yamenishika.

Kunyoa? Wewe! Najua ulikuwa ukimsaidia Baba kufagia na kuchemsha maji, lakini wembe si ufagio. Wazee wale wamwachie mwanamke shingo zao? Watatoka mbio na povu mashavuni! Halafu Baba alikuwa Baba. Nilipokuja likizo mwaka jana alininyoa mpaka nikasinzia kitini, na umri wake ule. Mkono ule umeondoka naye. Mwambie mwenye nyumba achukue chumba chake. Na usininunie.

Kaka yako

27 Juni

Kaka,

Shikamoo. Mafua je? Kunywa vitu vya moto.

Sikununa, nilicheka mpaka Mama akaja kuniangalia. Sikiliza. Mkono wa Baba ulianza kutetemeka mwaka juzi. Akaniita, akanishikisha wembe, akaniambia nianze na kidevu chake mwenyewe. Tangu hapo nikawa nanyoa mimi. Yeye akisimama nyuma ya kiti akipiga soga, nikienda haraka ananiminya bega. Wateja wote walijua. Yule mwalimu mstaafu ndevu zimemfika kifuani, anangoja nifungue, kwingine hataki.

Asiyejua ni wewe peke yako. Baba alikufunika macho kwa taulo la moto, akakusimulia ujana wake, na mimi nikakunyoa. Ulipoinuka ukajipapasa mashavu, ukasema, "Mzee, bado umo!" Ulipotoka alicheka mpaka akakaa chini. Akaniambia, "Mteja mgumu kuliko wote ndiye huyo, na umemlaza. Sasa kazi unaijua."

Kaka, kazi naijua. Nijibu.

Mdogo wako

3 Julai

Kinyozi wetu,

Hujambo? Mafua yamepoa.

Niliposoma barua yako nilikasirika kidogo, nikacheka sana, halafu nikalia. Kumbe tangu tumzike mzee nilikuwa sijalia. Nilikuwa namsikia yule mzee akicheka, mjanja mkubwa.

Nimeshaongea na mwenye nyumba. Chumba ni chako, fungua kesho, mwalimu wa watu asiteseke. Nakuja mwezi ujao na ndevu zangu zote. Taulo weka pembeni, nataka kukuona ukinyoa.

Kaka yako