Mfupa Ulioota Kwenye Kikonyo cha Mpapai

Bulla Pesa, Isiolo

Ndugu yangu mpendwa Waqo,

Salaam aleikum. Natumai wewe, bibi yako Dima na watoto hamjambo, na ule mgongo umepunguza kukusumbua. Mvua imefika Kinna? Sisi hapa wazima, alhamdulillahi. Najua hutaki kuongea na nyumba yangu tangu kabla ya Idd. Basi soma tu, hata kama umekunja uso.

Mfupa umeota! Ikra wangu alinipigia kutoka maabara ya chuo huko Nairobi akilia, nikadhani ni msiba. Kumbe ni furaha. Kazi yake si unaijua: anaosha vikonyo vya majani ya mpapai siku nyingi mpaka uhai wa mmea utoke wote, kibaki kiunzi cheupe chenye vitundu. Halafu anapanda humo seli shina za binadamu, zile ambazo bado hazijaamua zitakuwa mfupa ama nini. Sasa zimeshika, zimekuwa ngumu. Mwalimu wake anasema ni kadogo kama punje ya mchele, na miaka itapita kabla ya mtu aliyevunjika kuwekewa, lakini ni mfupa kweli. Makandi, jirani yangu muuza miraa, ananitania eti nimuuzie supu ya papai. Na bado ndiye ametangazia mtaa mzima!

Sasa lile jambo. Vikonyo vya kwanza, vile ulitoa shambani kwako, viliua seli zote. Mwalimu akasema vina sumu. Ikra akakupigia, akakushutumu kwamba ulipulizia dawa ya wadudu wa vitunguu ukamficha. Uliapa, hakukuamini, ukakata simu.

Waqo, ni mimi. Mtoto aliniambia nivianike kivulini tu kabla ya kumtumia Nairobi, nisivifanye kitu kingine. Mimi nikaogopa vitaoza njiani. Nikavifukiza kwa makaa ya ejersa, ule mzeituni wa porini, vile mama alitufunza kufukiza gorfa, vyombo vyetu vya maziwa, yasiharibike. Wallahi nilifikiri namsaidia. Aliposema sumu, nikajua ni moshi wangu, nikaficha. Miezi saba nimekuacha ubebe aibu yangu.

Na vikonyo vya pili, hivi vilivyoota mfupa, havikutoka sokoni, nilimdanganya Ikra. Dima alinikatia kwa mipapai yako ileile, usimgombeze. Huo mfupa umeota kwa jasho lako.

Jana nilimweleza Ikra yote. Akasema hata yeye amekosa, alikuhukumu kabla ya kupima. Kwenye ripoti yake alikuwa ameandika soko la Isiolo. Amefuta, ameandika: shamba la Waqo, Kinna.

Jumamosi tunakuja wote wawili kukuomba msamaha. Ukitufungia mlango, tutakaa hapo nje mpaka uchoke.

Wasalimie watoto mmoja mmoja, na Mungu awape afya na malisho.

Ni mimi dada yako,
Kaltuma