Cherehani za Kuazima

Eldoret, Jumanne, 1953

Sijawahi kumwambia mtu kwamba Kiingereza ninachokisoma vizuri vitabuni hukwama kooni nikikutana na Mzungu.

Leo afisa Mzungu alikuja hapa lokesheni, mtaa wetu Waafrika, kumkagua Baba. Serikali inataka mafundi wadogo wa huku, wenye cherehani moja au mbili, ndio washone nguo za wagonjwa wa hospitali. Baba ana cherehani moja. Lakini yeye hawezi kumpokea mgeni mahali patupu, kwa hiyo aliazima nyingine nne kwa majirani, na wenyewe wakaja kuketi nazo. Mama akapika chai ya maziwa.

"Mzee, hizi zote ni zako?" karani wa afisa akauliza.

"Ni zetu, bwana," Baba akajibu kwa furaha.

Afisa akamwambia karani kwa Kiingereza kwamba huyu si fundi mdogo, kazi apewe mwingine. Baba hakuelewa. Akamwongezea chai.

Mimi nilielewa. Tukikosa kazi hii tunarudi kuwa vibarua shambani kwa Mzungu, na kule masomo yangu yamekwisha. Mungu wangu, na bado ulimi...

Walipofika kwenye gari niliwakimbilia. Nikasema kwa Kiingereza, "Yetu ni moja tu."

"Kwa hiyo baba yako ametudanganya?" afisa akauliza.

"Hapana, bwana. Ulikuwa mgeni."

Alinitazama, akafunga mlango, wakaondoka. Sijui kama nimemwokoa Baba au nimemmaliza.

Nilirudi ndani. Baba akauliza mgeni amesemaje. Nilishika upande mmoja wa cherehani ya jirani, Baba akashika wa pili, tukairudisha.